Mbegu za mlonge za kusafishia maji: kununua unga au mbegu zenye maganda?

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua mbegu za mlonge, ambazo wanawake wa vijijini nchini Sudan walikuwa wakizitumia kutuliza tope la maji ya Mto Nile kabla wanasayansi hawajazichunguza. Mezani nina mbegu kavu zenye maganda na pakiti ya unga uliokwisha kusagwa. Ninapendekeza mbegu, kwa sababu unga ukikaa muda mrefu hupungua nguvu. Zaidi ya hayo, unga wa kijani unaouzwa kama lishe hutokana na majani, nao si wa kazi hii.

Sasa tazameni ndoo hii ya lita 20 za maji ya mto. Nimebangua mbegu, nikachagua viini vyeupe peke yake na kuvitwanga, kisha nikachukua gramu 2 za unga huo, nikazitikisa kwa dakika 5 katika chupa yenye maji safi kidogo na kuchuja kwa kitambaa. Maji hayo, meupe kama tui, ninayamimina ndooni, ninakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole kwa dakika 10. Chembe za udongo zina chaji hasi, ndiyo maana husukumana na kuelea. Protini ya mlonge ina chaji chanya, hivyo huzishikamanisha ziwe madonge, kama mnavyoyaona yakizunguka kando ya mwiko, nayo yatazama katika muda wa saa 1 hadi 2.

Shabu hutuliza tope vizuri pia, ila huongeza asidi katika maji, jambo ambalo mlonge haulifanyi. Kwa upande mwingine, mlonge hufanya kazi hafifu pale ambapo tope ni kidogo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta bado hutuliza tope, kwa hiyo mkulima anaweza kuuza mafuta na kubaki na dawa ya maji.

Nawasihi sana, msinywe maji haya kwa sababu tu yamekuwa maangavu. Bakteria wengi huzama pamoja na tope, lakini si wote, na masalia ya mbegu yaliyomo majini huwalisha wale waliobaki. Tekeni maji ya juu bila kutibua mashapo, yachemsheni, na myatumie siku hiyo hiyo.