Gitaa la umeme halikai kwenye tyuni: ununue nini kwanza?

Gitaa likianza kupoteza tyuni katikati ya wimbo, wapigaji wengi hukimbilia kununua funguo mpya, zile za kichwani zinazokaza nyuzi. Funguo ndizo wanazozishika kila siku, kwa hiyo ndizo zinazolaumiwa. Lakini mara nyingi kosa haliko hapo. Uzi unakwama mahali fulani kati ya ufunguo na daraja linaloushikilia kwenye mwili wa gitaa, na usipopajua mahali hapo utatumia pesa na tatizo libaki. Ndiyo maana orodha hii imefuata mahali uzi unapokwama, si ukubwa wa jina la kampuni.

Pima kabla ya kununua. Tyuni gitaa, uvute uzi wa tatu kwa nguvu kama unapopiga solo, kisha uuachie. Uzi ukiwa umeshuka noti, bonyeza sehemu yake iliyo kati ya ufunguo na nati, kile kipande chenye mifereji sita mwanzoni mwa shingo. Sauti ikipanda na kurudi mahali pake, nati ndiyo inayoubana. Kwenye tremolo, yaani daraja linalotembezwa kwa mkono wa chuma ili kubadilisha noti, dalili hugeuka: ukishusha mkono na kuuachia, uzi uliokwama hubaki juu ya noti. Na ukisikia "ting!" wakati unazungusha ufunguo, ni nati, huna haja ya kupima tena.

1. Nati

Hiki ndicho kipande kinachostahili shilingi yako ya kwanza. Magitaa ya bei nafuu huja na nati ya plastiki laini, yenye mifereji iliyochongwa haraka. Ukihama kutoka nyuzi za saizi ya 9 kwenda za 10, ambazo ni nene zaidi, mfereji uliokuwa umebana kidogo unabana kabisa. Magitaa ya mtindo wa Gibson, yenye funguo tatu kila upande, yanateseka zaidi kwa sababu uzi wa tatu na wa nne hupinda pembeni baada ya kupita nati.

Chaguo langu ni TUSQ XL ya Graph Tech, ambayo kilainishi kimechanganywa ndani ya nyenzo yenyewe. Kwa kawaida huuzwa kati ya dola 10 na 30. Nati ya mfupa ikichongwa na fundi mzuri ni imara na inalia vizuri, ila mifereji yake inahitaji kulainishwa kila unapobadilisha nyuzi. Unga wa risasi ya penseli unatosha. Ujaribu hata kwenye nati uliyonayo sasa, huenda usinunue kitu. Pesa nyingine mlipe fundi mwenye tupa za nati: kifaa kizuri kilichochongwa vibaya kitakwama vilevile.

2. Kipande cha mbao nyuma ya tremolo

Kama una gitaa la aina ya Stratocaster na hutumii mkono wa tremolo, zuia tremolo isitembee. Unaweka kabari ya mbao ngumu kati ya bloku ya chuma ya tremolo na mwili wa gitaa, kisha unakaza springi, ikiwezekana zote tano. Mpiga gitaa Eric Clapton anajulikana kwa kuziba tremolo zake hivi. Gharama ni ndogo mno, na faida yake inaonekana papo hapo: uzi mmoja ukikatika jukwaani, nyingine tano zinabaki zilipo. Kwa anayepiga sebene, naona hili ni la lazima. Solo na mi-solo (gitaa la kati ya solo na ridhimu) zikienda pamoja juu ya shingo, hitilafu ndogo tu kwenye uzi mmoja inasikika ukumbi mzima.

3. Funguo zenye loki

Sasa ndiyo zamu ya funguo. Hizi hubana uzi ndani ya nguzo, kwa hiyo huna mizunguko mingi inayoweza kulegea, na kubadilisha nyuzi kunakuwa haraka sana. Gotoh, Schaller, Hipshot na Sperzel zote ni za kuaminika. Kabla ya kuagiza, pima matundu kwenye kichwa cha gitaa: funguo nyingi za kisasa zinataka milimita 10, na matundu ya mtindo wa zamani ni madogo kuliko hapo. Angalia pia kama zote sita ziko upande mmoja au tatu kwa tatu, na skrubu zinakaa wapi. Hakuna loki itakayoponya nati mbovu.

4. Floyd Rose

Kwa anayetumia mkono wa tremolo kwa fujo, hakuna kinachoishinda tremolo hii yenye loki. Nyuzi zinafungwa kwenye nati na kwenye daraja, na skrubu ndogo za kutyuni zilizo darajani zinamalizia marekebisho. Ila uzi ukikatika, zote zinazobaki zinapanda, na kubadilisha mtindo wa tyuni katikati ya shoo si rahisi. Nunua gitaa lililokuja nayo kiwandani, usichimbe la kwako. Na zile nakala za chuma laini ziepuke: kingo zinazoshikilia daraja zikilika, haitarudi tena kwenye noti.

5. EverTune

Kwenye daraja hili kila uzi una springi yake inayoshikilia mkazo uleule hata uzi ukilegea. Ni ya ajabu kwa kurekodi. Lakini ni ghali, inataka mwili wa gitaa uchimbwe, na haiendi na tremolo.

Funguo zinazojityuni kwa mota sizipendekezi. Gibson ilizileta 2007, na mwaka 2015 ikaziweka karibu kwenye gitaa zake zote za umeme. Wapigaji wengi hawakuzipenda.

Kwa walioko Mombasa, Tanga, Dar au Zanzibar: hewa ya chumvi hutia nyuzi kutu, na kutu hukwaruza nati. Nunua nyuzi zenye koti, kama Elixir, na ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.