Tulum kwa kushuka melini: siku ya saa nane, saa moja na dakika arobaini kwenye mawe

Nianze na jambo ambalo sikuambiwa kabla sijalipa: meli ikifunga Cozumel, Tulum, yale magofu ya mji wa kale wa Wamaya nchini Meksiko, haipo hapo. Cozumel ni kisiwa, magofu yako bara, ng'ambo ya maji. Unashuka kwenye meli kubwa, unapanda boti mpaka Playa del Carmen, pale unapanda basi kama saa nzima kwenda kusini, halafu kuna mwendo wa miguu kutoka maegesho. Kurudi ni hivyohivyo. Kusema kweli maelezo yalikuwepo kwenye programu ya meli, mistari miwili chini ya picha ya bahari ya bluu. Mimi niliangalia picha.

Tulikuwa wawili, mimi na Mama. Mimi naishi Houston, yeye alikuja kunitembelea kutoka Kilwa Masoko, na meli yetu iliondokea Galveston, Texas, mwezi wa Desemba. Kwa wenye pasipoti ya Tanzania kama sisi: Meksiko inamruhusu mwenye viza ya Marekani iliyo hai au mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani kuingia bila viza yao. Ila mgeni wako ahakikishe viza yake ni ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikirudi Galveston unaingia Marekani upya. Mama viza yake ilikuwa sawa, lakini nilikesha usiku kuisoma mara tatu.

Safari niliinunua melini kwa dola 130 kila mtu. Wauzaji wa nje wanaiuza kwa bei ya chini, hilo nalijua. Nililipa zaidi kwa sababu moja: ukienda na kundi la meli mkachelewa, meli inawasubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, utaisindikiza kwa macho.

Asubuhi saa mbili na robo tulikusanywa gatini, tukabandikwa vibandiko vyenye namba kifuani, tukapangwa mstari. Upande wa mpangilio nawapa alama zote, hakuna aliyepotea na hakuna aliyepigiwa kelele. Kisha boti. Kama umewahi kupanda boti ya Dar kwenda Unguja siku ya upepo, basi umeshapanda hii. Dakika arobaini na tano, na Desemba ndiyo miezi ya upepo wa kaskazini kule. Wahudumu walipita na mifuko kabla hata hatujatoka bandarini, na Mama, mtoto wa pwani aliyekulia kwenye mashua, akaupokea wake akacheka. Nusu ya njia hakuwa akicheka tena. Akaniambia mashua unaiona inakokwenda, hii imekufungia ndani ya kioo kama samaki wa mapambo.

Tukiwa kwenye basi nikadhani taabu imekwisha. Basi zuri, kiyoyozi kikali, mwongozaji mzuri kuliko vyote (namrudia hapo chini). Lakini katikati ya njia tukakata kona kuingia dukani. "Mapumziko ya choo," tukaambiwa. Dakika thelathini na tano! Choo kilikuwa nyuma kabisa, na ili ukifikie unapita vito vya fedha, pombe ya tequila, na meza ndefu ya sahani za "kalenda ya Wamaya" ambazo watakuandikia jina lako. Sasa, ile picha ya uso uliotoa ulimi katikati ya duara si ya Wamaya. Ni Jiwe la Jua la Waazteki, watu wengine kabisa wa Meksiko ya kale, lilifukuliwa mjini Mexico City mwaka 1790, mbali kabisa na huku. Hata wale jamaa wanaoning'inia kwa kamba kutoka kwenye mlingoti mrefu nje ya lango la Tulum, mchezo wao ni wa Watotonaki wa Veracruz. Mchezo ni mzuri na niliwatunza, ila usirudi nyumbani ukasema umeona ngoma ya Kimaya.

Tulifika langoni karibu saa sita kasorobo kwa saa ya meli. Nasema "ya meli" kwa sababu hapa pana mtego. Meli yetu ilibaki na saa ya Texas. Jimbo la Quintana Roo halibadilishi saa mwaka mzima, na majira ya baridi liko mbele ya Texas kwa saa moja. Simu yangu ikashika mtandao wa pale ikajirusha mbele yenyewe. Mwongozaji alipotangaza kwamba tukutane langoni saa saba na nusu, Mama akaniuliza kwa sauti, "Saa saba na nusu ya nani?" Nikalicheka swali, kisha nikamfuata mwongozaji kumuuliza hilohilo. Vaa saa ya mkono, iweke ya meli, na simu usiiamini.

Mji wenyewe sasa.

Tulum umezungushiwa ukuta pande tatu, upande wa nne ni jabali la mita 12 hivi na bahari ya Karibi chini yake. Hata jina maana yake ni ukuta au boma kwa Kimaya cha Yucatán. Jina la zamani linadhaniwa lilikuwa Zamá, lenye maana ya alfajiri, kwa kuwa mji unatazama jua linakochomoza. Ukuta ni mnene, na milango yake mitano ni myembamba kiasi kwamba mnapita mmoja mmoja. Unainama kidogo, unaingia kwenye kivuli, hatua chache za ubaridi wa jiwe, halafu unatoka kwenye mwanga unaokufumba macho. Mle ndani ya unene wa ukuta ndiko kivuli pekee nilichokipata siku nzima. Mama akasimama humo. Watu nyuma yake wakaanza kukohoakohoa. Hakujali, alikuwa anatazama plasta.

"Hii chokaa ya kuchoma," akaniambia.

Nikamuuliza mwongozaji, akashangaa kwamba mtu ameanzia hapo. Ndivyo ilivyo, Wamaya walichoma mawe ya chokaa kwa kuni nyingi sana, wakasaga, wakapata plasta ya kupaka kuta nzima nzima, kisha wakapaka rangi. Mji tunaouona wa kijivu ulikuwa mwekundu na wa bluu. Na paa za nyumba nyingi pale hazikuwa za mawe yaliyopandana kama piramidi. Zilikuwa bapa, za boriti zilizofunikwa kwa chokaa, zikashikiliwa na nguzo. Mama ametembea Kilwa Kisiwani tangu utotoni, Husuni Kubwa anaijua chumba kwa chumba, na hakuhitaji nimtafsirie hilo. Alinyoosha kidole tu pale boriti zilipokuwa zimeingia.

Hapo ndipo safari ilipoanza kunilipa. Tulum ulishamiri karne ya 13 hadi ya 15, enzi zilezile Kilwa ilipokuwa Kilwa, Ibn Battuta akifika kwetu mwaka 1331. Kule mitumbwi ikileta vioo vya volkeno vya kutengenezea visu, chumvi, asali na kakao, kwetu majahazi yakileta vyombo vya China. Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505. Mwaka 1518 msafara wa Mhispania Juan de Grijalva ulipita kwenye pwani hii ya Wamaya, na kasisi wao akaandika kwamba waliona mji mkubwa ambao hata Seville ya kwao Hispania usingeuzidi. Wengi wanaamini ni Tulum. Miaka kumi na mitatu tu kati ya msiba na msiba. Hayo ya Kilwa mwongozaji hakuyataja, na wala si kazi yake. Niliyapiga hesabu mwenyewe nimesimama kwenye jua la utosi, chupa ya maji imeshakwisha.

Huwezi kupanda wala kuingia kwenye jengo lolote, kamba zimezungushwa kila mahali. Waliokuja na ndoto ya kupanda piramidi walinung'unika, na kweli El Castillo, jengo kubwa kuliko yote, si refu: mita saba na nusu hivi. Usiende Tulum kutafuta ukubwa. Nenda kutazama vitu vidogo. Kwenye Hekalu la Michoro, pembe za ukuta zimechongwa nyuso ambazo huzioni mpaka ujue pa kusimama. Mama aliuona uso mmoja kabla ya kundi zima, macho huku na huku ya kona, mdomo chini. Juu yake kuna alama za viganja vya mikono kwa rangi nyekundu. Mikono ya watu, kama mtoto anavyopaka ukuta mpya uliokatazwa kuguswa. Jirani na El Castillo kuna hekalu dogo ambalo kuta zake zimeinama makusudi, na juu ya mlango kuna sanamu ya mungu anayeshuka, kichwa chini miguu juu. Mwongozaji alieleza kwamba wengine wanamhusisha na nyuki, maana Wamaya wanafuga nyuki wadogo wasiouma toka zamani na asali yao ilikuwa biashara kubwa. Mama hakushawishika. "Huyo ni mtoto anapiga mbizi gatini," alisema, na mimi tangu hapo siwezi kumwona vingine.

Mijusi ya pale ni mikubwa kama kenge, imelala juu ya mawe kama wenye hati ya kiwanja. Wazungu wote walikuwa wanaipiga picha.

Mwongozaji ndiye aliyenifanya niongeze nyota. Ni Mmaya mwenyewe, kwao wanaongea Kimaya, Kihispania amekipata shuleni, Kiingereza kazini. Mtu mmoja wa kundi akamuuliza Wamaya walitoweka lini. Akatulia, akajibu kwamba yeye asubuhi alikunywa kahawa, kwa hiyo anadhani bado yupo. Watu zaidi ya laki saba wanaongea Kimaya cha Yucatán leo. Kilichotokea ni miji kuhamwa, si watu kutoweka. Akatueleza pia kwamba magofu haya hayakuwa magofu matupu hata karne ya 19: Wamaya walipopigana na serikali katika vita vilivyoanza mwaka 1847, Tulum ilikuwa moja ya ngome za ibada yao ya Msalaba Unaosema, na miaka ya 1870 kiongozi wake alikuwa mwanamke, María Uicab. Nilipomtafsiria Mama, alisema tu, "Maji Maji yao." Mwongozaji akamfundisha Mama kusema *Bix a beel*, u hali gani, na jibu lake *Ma'alob*, njema. Siku nzima iliyobaki walikuwa wanasalimiana hivyo kila wakikutana, yeye akimwita señora, Mama akimwita mwanangu.

Bahati mbaya alipewa dakika hamsini tu za kutuongoza. Zikabaki hamsini nyingine za kujitegemea, na katika hizo toa foleni ya kupiga picha kwenye kingo za jabali, toa kurudi langoni, maana choo hatukukiona ndani ya kuta. Jumla saa moja na dakika arobaini kwa siku ya saa nane. Lile duka lingeondolewa tu, tungepata zaidi ya saa mbili. Ndiyo malalamiko yangu makubwa, na niliyaandika kwenye fomu ya meli. Walijibu kwa kuniomba radhi na kunipa punguzo la safari nyingine ya kwao, ambayo nadhani nayo ina duka.

Chakula: sandwichi ya jibini ndani ya kiboksi, tulipewa tukiwa kwenye basi. Tuendelee.

Kama unasafiri na mzee mwenye magoti mabovu, au wewe mwenyewe bahari haikupendi, fikiria San Gervasio. Ni magofu ya Wamaya yaliyo hapohapo kisiwani Cozumel, unafika kwa teksi bila kupanda boti, na palikuwa mahali pa wanawake kuhiji kwa mungu wa kike Ixchel kuomba uzazi. Majengo ni madogo na hakuna bahari ya bluu nyuma yake, lakini muda wote utakuwa wako. Nami ningeijua mapema, huenda ningeichagua hiyo. Ukiamua Tulum, beba kofia, maji ya ziada, pesa taslimu kidogo za peso kwa ajili ya bahasha ya mwongozaji, na viatu vilivyofungwa, kwani njia ni ya mawe na mchanga. Kiingilio kilikuwa ndani ya bei yetu. Ukienda kivyako uliza vizuri, maana siku hizi unapita ndani ya hifadhi na malipo ni zaidi ya moja.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota mbili ni za mji, moja ni ya mwongozaji, nusu ni ya usalama na mpangilio. Moja na nusu wameibakiza dukani.

Nitarudi, ila kwa ndege mpaka Cancún, nilale Tulum penyewe, na saa mbili asubuhi wakifungua lango niwe wa kwanza kupita kwenye ule ukuta kabla basi la meli halijafika. Mama nimemwambia. Amesema yuko tayari, *ma'alob*, mradi nimhakikishie kwa maandishi kwamba hakuna boti.