Duka la nyuzi la Nyawera: zawadi nne, na shali moja yenye rangi mbili

Duka ninaloliandikia halina kibao, wala mwenyewe haonekani kuwa na haraka ya kukitundika. Ukishuka kidogo kutoka soko la Nyawera, hapa Bukavu, utalitambua kwa kofia tatu za watoto zilizovishwa chupa tupu nyuma ya kioo, na kwa ukimya wake, kwa sababu majirani wa kulia na kushoto wanauza simu na muziki wao haukomi. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimenunua humo nyuzi za zawadi za jamaa zangu: kofia, kijisweta na visoksi vya mtoto wa mdogo wangu aliyeolewa Goma, kofia nzito ya baba, soksi za kulalia za wanangu wawili, na shali ya mama mkwe. Shali hiyo ndiyo iliyonifanya niketi na kuandika, maana mema ya duka hili ningeendelea kuyasimulia kwa mdomo tu.

Aliyezoea joto la pwani au la Kinshasa anaweza kujiuliza mtu wa Kongo anafumia nini. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu zimepanda vilima vilivyo juu yake. Usiku wa Julai mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia, na mvua za kuanzia Septemba hadi Mei zinatosha kumfanya mzee adai shali hata mchana. Ndiyo maana uzi wa pamba, ambao wauzaji wengi huusifu kwa ulaini wake, mimi siununui ila kwa vitambaa vya kroshe vya kutandika juu ya meza na viti: pamba hunywa maji mengi, huwa nzito, na katika masika kijisweta cha pamba kinaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Mwenye duka hulisema jambo hili kabla hujatoa pesa, ingawa pamba ndiyo yenye bei kubwa kuliko nyuzi zote za rafuni mwake.

Nilianza kumwamini siku nilipoingia na bonge la kijivu ambalo mchuuzi mmoja alikuwa ameniuzia kama sufu halisi. Mama huyo, mwenye miaka sitini hivi na miwani iliyofungwa kwa uzi wa buluu, hakubishana. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakishika kwa kibano, akakiwashia kiberiti juu ya kisahani cha chai. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha tone jeusi ambalo lilipopoa lilikuwa gumu kama punje ya mtama. "Mwanangu, hii ni akriliki," alisema, kisha akachoma kipande cha pili kutoka katika kikapu chake. Hicho kilinuka nywele zilizoungua, kikazimika chenyewe mara moto ulipoondolewa, na majivu yake yakavunjika kuwa vumbi kati ya vidole vyake. Hakunilipisha kwa somo hilo, wala hakuudharau uzi wangu. Akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, alinieleza, haina ubaya: haigandamani ikifuliwa, wengi ambao ngozi zao huwashwa na sufu huivaa bila shida, na bei yake inavumilika, ila isikaribiane na pasi. Hapo alisema jambo ninalolijua kwa hasara, kwa kuwa pasi ya makaa ilishawahi kunilegezea kola ya sweta, ikabaki imelala kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na hakuna maji yaliyoweza kuirudisha. Sufu nayo ina adui wake, maji ya moto yakifuatana na kusuguliwa, kwa sababu kila unywele wa kondoo una magamba madogo mno yanayoshikana na kuisinyaza nguo mpaka ya baba imfae mtoto.

Kikapu alichochomolea kipande cha pili ndicho hazina ya duka. Mna sufu iliyofumuliwa kutoka sweta za chagua, yaani nguo za mitumba, ambazo mwenye duka huzitafuta soko la Kadutu asubuhi na mapema. Si kila sweta hufumuka, na mama huyu huwaeleza wateja namna ya kuitambua inayofaa, jambo ambalo mfanyabiashara mwenye wivu angelificha. Ukigeuza sweta ndani nje ukakuta ukingo wa mshono umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za mashine, iache, kwa sababu kila mstari utatoka kipande kifupi kisichofaa kitu. Ukikuta kingo nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja mfano wa mnyororo, kata uzi huo, tenganisha mikono na kifua, uanzie mabegani, na uzi utafuatana nawe hadi kiunoni. Hutoka umejikunja kama tambi. Yeye na msichana wake wa kazi huuzungusha kwenye migongo ya viti viwili, huufunga mahali panne usitatizike, huuosha kwa maji ya vuguvugu, kisha huuning'iniza ukiwa umebeba chupa ya maji kwa chini mpaka unyooke. Kwa kofia ya baba nilinunua gramu 150 za rangi ya kahawa iliyoungua kwa dola 3, na sijapata sufu nyingine mjini kwa bei ya namna hiyo. Ilikuwa na mafundo manne ya kuungia, yote yakionekana wazi, wala hakuna lililofichwa ndani ya bonge.

Akriliki mpya ya gramu 100 ni dola 3 pia, na pamba ya gramu 50 ni hizo hizo. Uzi wa kikapuni hupimwa mbele yako kwa mizani ya jikoni. Franki hupokelewa hata zikiwa zimechoka kabisa, lakini noti ya dola iliyochanika ukingoni kwa upana wa ukucha itarudishwa mkononi mwako kwa heshima, kama inavyorudishwa karibu kila mahali katika mji huu, na mimi nilishawahi kupanda mlima hadi nyumbani kwa sababu ya noti moja.

Anayenunua ana haki ya kuuliza, na hapa ndipo duka linapolipita soko kwa mbali. Nilipotaka kumfumia mtoto kofia nilikuwa nimezoea kukisia tu, nikiongeza vitanzi mpaka jicho liridhike. Mama alinionyesha kwenye karatasi ya bonge mraba mdogo uliochorwa: vitanzi 22 kwa upana wa sentimita 10, kwa sindano zenye unene wa milimita 4. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili, aliniambia, kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kofia iwe ndogo kidogo ili ishike, tuseme 32. Basi anza na vitanzi 70. Nilifuma kwanza kipande cha majaribio alivyoagiza, nikapata 22 kamili, na kofia ilimkaa mtoto vizuri siku ile ile boti ilipoifikisha Goma. Alinikataza pia kuweka utepe wa kufunga shingoni, na visoksi akataka nivifume kwa sindano mbili badala ya kroshe yenye matundu, kwa kuwa vidole vya miguu vya mtoto mchanga hunasa kwenye tundu na uzi ukavibana bila mtu kujua. Jumamosi alasiri huwaketisha wanafunzi watano au sita kwenye benchi na kuwafundisha bila ada, mradi uzi wao wamenunua kwake. Ukiwa nje utawasikia wakihesabu "andrua, anver", kama sisi tuliofundishwa na masista tulivyohesabu. Kiswahili chetu kina neno la kufuma tangu zamani, lakini kwenye benchi hilo kitanzi cha mbele na cha nyuma bado vinaitwa kwa Kifaransa.

Kulabu za kroshe zinazouzwa hapo ni mbaya. Ni za alumini nyepesi, koo lake halikulainishwa vizuri, na kila kitanzi cha tatu uzi hukwaruzwa na kuchanika nyuzinyuzi. Nenda na ya kwako.

Sasa nifike kwenye shali. Mwezi wa Machi nilinunua mabonge matatu ya akriliki ya zambarau iliyokolea, nikiamini yatatosha. Hayakutosha, kwa kuwa nilichagua kuifuma kwa kroshe, na kroshe hula uzi kuliko sindano. Baada ya wiki tatu nilirudi kuchukua mawili zaidi. Msichana wa kazi aliniambia, "Yaya, ni yale yale," (yaya kwetu ni dada mkubwa), akayatoa katika beseni la plastiki ambamo mabonge ya rangi moja hurundikwa baada ya kuvuliwa karatasi zake, eti yasichukue nafasi. Chini ya taa ya duka yalikuwa yale yale kweli. Nilifuma jioni tatu kwa taa ya nyumbani, na asubuhi ya nne, nilipoitandaza barazani, nikaona mstari umeikata shali katikati ya mgongo: juu zambarau, chini zambarau iliyoingiwa na wekundu.

Wafumaji wanajua sababu. Kiwanda hutia rangi nyuzi zake fungu kwa fungu, na fungu la leo halilingani kabisa na la mwezi uliopita. Ndiyo maana karatasi ya bonge hubeba namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya fungu, na mabonge ya nguo moja yapasa kuwa na namba zote mbili zinazofanana. Anayezivua karatasi hizo amemnyima mnunuzi njia ya uhakika ya kujua. Kwa mtu anayekufundisha kuchoma uzi ili usidanganywe na wengine, kosa hili ni zito kuliko lingekuwa kwa mchuuzi wa barabarani, nami nilimwambia hivyo.

Kwanza alisema ni mwanga. Nikamwomba tutoke nje. Aliishika shali kwa mikono miwili juani, akaigeuza, akanyamaza kwa muda mrefu. "Hapa nimekukosea," alisema. Pesa hakurudisha, alinipa bonge moja bure na ushauri ambao nilipaswa kuupewa mapema: nifumue mistari arobaini, kisha nifume miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa mpya, ili rangi ziingiliane polepole. Ilinichukua wiki nzima. Mstari ule umekuwa kivuli, ila kivuli kipo, na mama mkwe alipoivaa aliuliza kama huo ndio mtindo wa siku hizi. Nilimjibu kuwa ndio.

Kuhusu kazi za kuagiza, siwezi kuzipendekeza kwa mwenye tarehe. Rafiki yangu aliagiza vitambaa vya kroshe sita kwa arusi, akaahidiwa wiki tatu, akavipata baada ya tano, vizuri sana na bila maana.

Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi, Jumapili hufungwa, na mvua ikiwa kubwa mama huchelewa kwa sababu anatoka mtaa wa Bagira. Wiki iliyopita nilinunua mabonge matano ya kijani kwa sweta ya mume wangu. Beseni lipo bado, lakini karatasi sasa hukaa juu ya kila bonge, zimefungwa kwa mpira. Nilizisoma zote tano mezani kwake, moja baada ya nyingine, naye alinisubiri huku akifuma.