Steam Deck kwa mtu mwenye kazi na watoto

Nimekaa na Steam Deck, kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea gemu kutoka kampuni ya Valve, muda wa kutosha kuisema kwa mazuri na mabaya. Nilimwagiza binamu aliyeko Uingereza, maana Valve hawaiuzi rasmi huku kwetu. Ni toleo la kwanza, la Februari 2022, la GB 64, ambalo kule lilianzia pauni 349.

Kilichonikamata ni kitufe cha kuwashia. Ukikibonyeza katikati ya pambano, gemu inalala palepale. Unamwogesha mtoto, unakula, unajibu simu ya bosi. Saa nne usiku unabonyeza tena na adui bado kainua upanga. Kwa sisi tunaocheza kwa nusu saa za kuibia, hapo tu hela yangu imerudi.

Maana watengenezaji wa gemu kubwa wanatuchukulia kama wote tuna miaka 17 na likizo ndefu. Chama cha kampuni za gemu Marekani, ESA, kimetangaza kwa miaka mingi kwamba wastani wa umri wa wachezaji umevuka 30. Kwa hiyo wanajua. Lakini gemu moja ya mpira niliyoilipia bei kamili (jina naliacha) ilinipokea na apdeti iliyofyeka bando lote, kisha kalenda ya zawadi: ingia kila siku, ukikosa moja unaanza upya. Jamani, mahudhurio si nasaini kazini? Bado yale maboksi ya kubahatisha, unalipa hujui utapata mchezaji gani. Ubelgiji waliyaita kamari mwaka 2018 na kuyakataza.

Tena maandishi! Kioo ni inchi 7, na gemu nyingi zimeandikwa kwa herufi za kusomwa kwenye TV kubwa. Sehemu ya kuzikuza mara nyingi haipo, nami miwani nimeshaanza kuvaa.

Chaji, Valve wenyewe wanasema saa 2 hadi 8. Kwa gemu nzito hesabu mbili. Umeme ukikatika, angalau mbili hizo unazo. Na kwa kuwa inatumia SteamOS, yaani mfumo wa Linux badala ya Windows, baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu hazifunguki kabisa. Kama hizo ndizo unazocheza na wenzako, usiinunue. Mimi nacheza za hadithi, peke yangu, na sijawahi kuzikumbuka.