Mihula miwili na kadi za Plickers, darasa la umeme Lamu

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Lamu. Kwa miaka, swali langu la mwisho wa kipindi lilikuwa "Mumeelewa?" na jibu lilikuwa "Ndiyo, mwalimu", darasa zima kwa pamoja. Mtihani ukija ndipo naona kuwa ile ndiyo ilikuwa ya adabu tu. Mtoto aliyelelewa vyema hamwambii mwalimu wake mbele za watu kwamba somo halikumwingia.

Sasa natumia kadi za Plickers. Kila kadi ina umbo jeusi la pembe pembe na nambari yake, na pande zake nne ni A, B, C na D. Mwanafunzi huigeuza hadi herufi ya jibu lake ikae juu, akaiinua, nami napitisha kamera ya simu yangu darasani. Majina yanajitokeza kwenye kioo, moja baada ya jingine. Simu ni ya mwalimu peke yake. Kahoot, chemsha bongo ambayo kila mwanafunzi hujibu kwa simu yake, nilijaribu ikanishinda hapo hapo, maana nusu ya vijana wangu wana kabambe, simu ndogo za vitufe, na wenye simu kubwa bando zimeisha tangu juzi. Tena herufi za kadi ni ndogo na maumbo hayafanani, kwa hivyo kuchungulia kwa jirani hakumfai mtu.

Swali lililonifungua macho: balbu mbili za uzi, moja ya wati 60 na moja ya wati 100, zote za volti 240. Ukizifunga sirisi, yaani moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kwenye umeme wa nyumbani, ipi itang'aa zaidi? Kati ya 34, waliosema ya 100 walikuwa 27. Wiki iliyotangulia walikuwa wameniambia ndiyo, mwalimu.

Sikuwapa jibu. Niliwaambia kila mtu amshawishi jirani yake, kisha wapige kura tena. Mbinu hii si ya kadi. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard kule Marekani, aliianza mapema miaka ya 1990 alipogundua wanafunzi wake wanakokotoa vizuri bila kufahamu wanachokokotoa. Darasa likawa kama baraza la Mkunguni, ule uwanja wa mji wetu, jioni. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, alikuwa amelikamata daftari la jirani yake akimwandikia: mkondo ni mmoja, ukinzani wa ile ya 60 ni mkubwa, basi volti nyingi zinaangukia huko. Kura ya pili, 21 wakageuka. Nikafunga balbu ubaoni, nikawasha. Ile ya 100 ilikuwa nyekundu kama mkaa unaozimika.

Hasara nilijitia mwenyewe. Kadi 40 ni karatasi 20, mbili kwa kila ukurasa, na kuzipakua ni bure. Lakini kwa unyevu huu wa bahari karatasi hujikunja, basi nikazitia plastiki, ile ya kung'aa. Madirisha ya darasa langu yanatazama maji; kadi zikameta kama samaki na kamera haikusoma hata nusu. Ilinibidi nichape upya na kuzigandisha juu ya kadibodi. Jambo jingine ni vidole: kidole kikifunika ukingo wa umbo, kadi haisomeki. Nawaambia washike pembe.

Toleo la bure la programu ya Plickers lina maswali 5 kwa seti. Kwangu yanatosha na kubaki, kwa sababu swali moja zuri hula robo saa. Kazi ni kulitunga. Swali jepesi, wote wakapata, ni kupoteza kipindi, na majibu ya uongo lazima yawe makosa wanayoyafanya kweli. Mimi nayaokota kwenye karatasi zao za mitihani ya zamani.

Alama yangu ni 8 kwa 10. Kadi nambari 17 imechukuliwa na upepo jetini Mokowe. Mwenyewe alikuwa ameichukua akamwoneshe mamake. Nimemchapia nyingine.