Dishi Kubwa au Dishi Dogo?

Dishi la futi 6 au 8, linalopokea mawimbi ya C (mawimbi ya setilaiti yenye masafa ya chini), hugharimu zaidi siku ya kufungwa na huhitaji nguzo iliyojengewa zege, lakini chaneli zake za bure hazidai ada ya mwezi. Dishi dogo la Azam TV au DStv hufungwa hata ukutani (jambo linalowafaa wapangaji), ila kifurushi kikiisha, chaneli nyingi hufungwa.

Tofauti huonekana hasa wakati wa masika, kwa kuwa mawimbi ya Ku ya dishi dogo, yanayozidi gigahezi 10, hudhoofishwa na mvua kubwa hadi picha ikaganda, ilhali yale ya C, yaliyo karibu na gigahezi 4, hayatetereki sana. Hata hivyo, mpenzi wa Simba na Yanga namshauri achukue dogo, kwa kuwa mechi zao za ligi huonyeshwa na Azam TV.