Vepu ya kutupa yenye batani ya nguvu: nimemaliza mbili hapa Nakuru, hesabu yangu ndio hii

Nimevuta fegi miaka kumi na nne, saa hii niko 37, na kwa siku zilikuwa zinaenda kama kumi na mbili, siku ya kazi mob hata kumi na tano. Mtu ambaye havuti simwambii aanze, na kama hujafika 18 hii si ya kwako, achana nayo kabisa. Naandikia mtu mzima ambaye nikotini tayari imemshika kama mimi na anajiuliza kama hizi vepu, yaani sigara za umeme, za kutupa zenye batani ya kupandisha na kushusha nguvu zinafaa ama ni kumwaga pesa. Nimetumia mbili za aina moja, ya kwanza nikaiweka nguvu ya juu mwanzo hadi mwisho, ya pili nikaiweka chini, alafu zote mbili nikazifungua, juu kazi yangu ni kutengeneza simu na kitu kikikufa mbele yangu lazima nione ni nini kimekiua.

Jina la kampuni nitaliacha, zenye umbo hili ni nyingi na ndani karibu zote ni mtu na ndugu yake. Boksi linasema juisi mililita 16, nikotini 5%, betri ya mAh 650 ya kuchajiwa, mivuto 20,000, na kaskrini kadogo kanakuonyesha chaji na juisi iliyobaki. Batani iko chini, ukiibonyeza inatembea wati 12, 16, 20 alafu inarudi. Hiyo 20,000 ukigeuza boksi usome maandishi madogo ni ya nguvu ya chini, ya juu wenyewe wameandika nusu.

Na hiyo asilimia tano usiipite haraka. Ni miligramu 50 za nikotini ndani ya kila mililita moja, kwa hivyo kifaa kizima kimebeba miligramu 800. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza mwisho wao ni miligramu 20 kwa mililita, na kitangi cha kifaa cha kutupa hakifai kuzidi mililita 2. Uingereza hata kuuza hizi za kutupa walishapiga marufuku kuanzia Juni 1, 2025. Huku kwetu niliuliza ya 20 maduka matatu hapa tao, wote wananiangalia kama nimeuliza mafuta ya taa kwa duka la viatu. Hii ya 50 wametumia ile nikotini ya chumvi ambayo haikwaruzi koo, sasa koo haikuambii umezidisha, na ukizoea fegi unajua koo ndio ilikuwa inakwambia imetosha.

Nilinunua kwa kibanda kimoja mjini, elfu mbili mia tatu. Nikiwa hapo kijana wa shule akakuja na sweta yake ya shule, akauliza ile ya tikiti ni ngapi, na muuzaji akamtajia bei vizuri tu kama anauza peremende. Nikamwambia, "Boss, huyu ni mtoto wa shule." Akanijibu, "Ah mkubwa, si anauliza tu." Mimi niko na kijana wa Form Two kwangu na hiyo maneno haijanitoka hadi leo. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuzia mtu wa chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, na kama unauza kitu kina nikotini mara mbili na nusu ya kile Wazungu wanaruhusu, muulize mtoto miaka, na akiwa na sweta ya shule usimuulize hata, mfukuze. Huyo muuzaji sirudi kwake, ya pili nilinunua kwingine ambapo mama alinitaka kitambulisho na ndevu zangu zote hizi, nikampa kwa furaha.

Sasa ya kwanza. Niliiweka wati 20 juu nilikuwa nataka kitu kinipige kifua vile fegi inapiga, na ukweli ilipiga, mvuke mwingi, wa moto, ladha ya embe kali, arosto inakatika kwa mivuto mitatu. Siku mbili za kwanza sikugusa fegi na nilidhani nimepata dawa. Shida ya vepu ni kwamba haiishi mkononi. Fegi inaungua inafika kwa kichungi unaitupa, umemaliza, unarudi kazini. Hii iko tu hapo kwa meza kando ya solda, unavuta moja ukingoja simu iwake, moja tena ukingoja mteja apige hesabu, na kwa wati 20 kila mvuto unabeba juisi nyingi zaidi, na juisi ndio nikotini. Siku ya tatu kama saa tisa mchana nilikuwa narudisha kipini cha chaji cha simu ya mama fulani, vile vipini ni vidogo kama mguu wa sisimizi, nimeshika na twiza, nikaona ncha ya twiza inatetemeka. Nikaweka chini nikangoja. Nikashika tena, bado. Moyo ulikuwa unaenda mbio na mimi nimekaa kwa stuli. Huyo mama nilimwambia akuje kesho, na mimi sijawahi mwambia mteja akuje kesho kwa kazi ya dakika ishirini.

Nyumbani mama watoto akaniuliza, "Baba Wanja, mbona hulali?" Nilikuwa naamka saa nane usiku naitafuta chini ya mto. Na fegi hiyo haijawahi nifanya.

Siku ya sita skrini inasema juisi iko 22% na mdomoni ni ladha ya pamba imeungua, ile mtu yeyote ameshaionja anaijua, inakaa kwa ulimi hadi ukipiga mswaki bado iko. Nikavumilia nikiipumzisha pumzisha hadi siku ya nane nikaitoa roho. Nikaifungua. Ukitoa kifuniko cha mdomo unavuta kitu chote kinatoka kama droo: sponji ndefu ndio inashika juisi, katikati kuna kabomba kadogo kamevalishwa pamba, na ndani ya pamba kuna koili ya wavu inayopasha juisi moto, kipande chembamba cha bati chenye matundu matundu. Pamba upande wa koili ilikuwa nyeusi kabisa kama utambi wa taa ya chemni, na sponji nikiifinya na karatasi ya tishu haikuacha hata doa la maana. Imekauka. Na skrini bado inasema 22.

Nikaangalia bodi nikaelewa. Waya mbili zinaenda kwa betri, mbili zinaenda kwa koili, kuna kasensa ka pumzi kanakohisi ukivuta, na skrini. Hakuna kitu chochote kimeenda kwa sponji. Yaani hii kitu haipimi juisi. Inahesabu sekunde umevuta, inatoa kwa ile hesabu waliiweka kiwandani, alafu inakuandikia pasenti. Ukiwa wati 20 juisi inakimbia kushinda hesabu, na kwa nguvu hiyo pamba haiwahi kunyonya juisi mpya kabla uvute tena, ndio inaungua. Nimeona watu wakibishana na muuzaji ati ameuziwa feki juu skrini ilisema juisi iko 20% na imeanza kuungua, inaweza kuwa si feki, ni hiyo skrini. Amini ulimi wako. Ikianza kuungua wacha kuvuta hapo hapo, usivumilie kama mimi, pamba iliyoungua haifai kuingia kifuani mwa mtu.

Ya pili nikaiweka wati 12 na nikajiambia batani siigusi, hata nikaipiga kipande cha selotepu juu. Siku tatu za kwanza nilikuwa naona kama navuta hewa, mvuke kidogo, hauna joto, na nilikuwa na hasira za bure, nilimfokea kijana anayenisaidia kazi na nikamwomba msamaha. Siku ya nne ikakaa sawa. Nikaanza kuiacha kwa droo badala ya kwa meza, navuta nikitoka nje tu, mivuto kama minane, narudi. Mkono ukatulia. Usingizi ukarudi. Siku ya kumi na moja tulikuwa na matanga Njoro na hapo nilivuta fegi mbili na wazee, siwezi ficha, lakini hizo mbili ndio pekee siku zote kumi na tisa.

Ndio, siku kumi na tisa. Mililita zile zile 16, betri ile ile. Safari hii skrini ilifika sifuri na vepu ikaendelea kutoa mvuke mzuri siku moja na nusu zaidi, yaani sasa ilikosea upande ule mwingine.

Weka pesa hapo. Fegi kumi na mbili kwa bob ishirini ni 240 kwa siku. Vepu kwa wati 20, 2,300 gawanya kwa nane, ni kama 287 kwa siku, imeshinda fegi. Kwa wati 12, 2,300 gawanya kwa kumi na tisa, ni 121. Na nikotini iliyopita kwa koili ni miligramu 100 kila siku kwa ile ya juu, 42 kwa ile ya chini, si yote inaingia damuni lakini unaona tofauti. Wanauza batani kama utamu, wanaweka na kapicha ka moto hapo kwa 20, na kwa mtu anayejaribu kutoka kwa fegi faida yote iko huku chini ambako hakuna kapicha.

Vitu vidogo. Kuchaji, ya kwanza nilidhani imekufa siku ya pili juu nilichomeka waya ya C kwa C kutoka kwa chaja ya simu mpya na haikuonyesha kitu. Nikachukua ile waya ya zamani, USB bapa upande mmoja na C upande mwingine, ikashika mara moja. Kwa bodi hawajaweka zile rezista mbili ndogo za kuambia chaja toa umeme, ni vitu vya senti, wamezibana. Kwa hivyo kabla uirudishe dukani badilisha waya. Na usiiache kwa chaji usiku kucha kwa godoro, betri ya lithiamu ni ile ile ya simu, na kwa meza yangu nimeona zikifura vya kutosha. Alafu asubuhi za baridi za Nakuru, ile ya Julai, juisi inakuwa nzito na mivuto ya kwanza inakuja mikavu, iweke mfukoni dakika kumi kwanza ndio uvute.

Kuhusu bei, kuna penye utaona hii hii kwa 1,200. Ushuru wa juisi ya nikotini uliongezwa mwisho wa 2024 kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa kila mililita. Mililita 16 hapo ni 1,600 ya serikali peke yake kabla hujalipia betri, bodi wala mtu aliyeileta. Sasa mtu akikuuzia 1,200 akabaki na faida, juisi hiyo imepitia wapi? Kitu naweka kifuani sinunui bei kama hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni betri. Zote mbili nilizipima na mita baada ya kufungua, nikazichaji, zikafika volti 4.2 bila shida. Nzima kabisa, zimechajiwa mara chache tu, na kifaa kimetengenezwa ukitupe nazo. Ukitupa kwa taka za nyumbani zinaenda Gioto, lile jalala la hapa Nakuru, na Gioto kuna watu wanachokora kwa mikono, na betri ya lithiamu ikitobolewa na chuma inawaka moto. Mimi nimeziweka kwa mkebe na betri za simu zilizofura, kuna majamaa wanapita kukusanya vyuma na bodi za simu, wanabeba. Wewe kama huna fundi karibu, peleka kwa yeyote anatengeneza simu umwombe, wengi watakubali. Na ile sponji iliyolowa usiache mtoto aishike, nikotini inapita kwa ngozi, mimi nilivaa glavu kufungua.

Kifua changu kikoje? Kikohozi cha asubuhi kimepungua, nguo hazinuki, Wanja sasa anakaa karibu na mimi kwa kiti bila kushika pua, na hiyo peke yake nilikuwa tayari kulipia. Lakini nikotini bado imenishika mkono, nisidanganye mtu, saa nne bila kuvuta na naanza kutafuta makosa kwa kila mtu.

Kwa hivyo hii ya kutupa, kwa wati 12, ningempa mtu mzima anayetaka kujaribu kama anaweza kaa bila fegi wiki mbili tatu. Kwa wati 20 simpi mtu. Mimi ya tatu sinunui, nimeagiza ile ndogo ya kujaza mwenyewe na juisi ya miligramu 20, ndio niwe nashuka, na ndio nisitupe betri nzima kila mwezi. Inakuja na gari ya Nairobi Ijumaa.